Mama Sidonie Nabintu, Aliyerudi Shule kwa Ajili ya Mihigo

Leo Jumamosi, tarehe 15 Novemba 2025, hapa Rubondo, tunamzika Sidonie Nabintu, mke wa Bonaventure Bahizire. Maneno haya ni ya mumewe. Anayeyasoma ni Gisèle, mtoto wao wa kwanza.

Sidonie alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Kaziba, Walungu, Kivu ya Kusini. Baba yake alikuwa mzee Mutware, mlinzi wa misheni. Mama yake alilima maharage mlimani. Walizaliwa wengi, lakini aliyebaki leo ni kaka yake Yonatani peke yake. Tangu utoto Sidonie aliogopa ng'ombe. Mungu naye akamleta huku Uganda, kambi ya Nakivale, kati ya ng'ombe wenye pembe kama mikono ya mtu anayeomba. Mama huyu alisimama mbele ya walimu wa chuo kikuu bila kutetemeka, lakini ndama akiwa njiani yeye alizunguka shamba zima. Watoto wa Rubondo mlimcheka, na yeye alijua kwamba mnamcheka.

Shule ya msingi alisoma palepale Kaziba. Ya sekondari alisoma Bukavu, upande wa ualimu, akapata diploma mwaka 1985. Alirudi Kaziba kufundisha. Baadaye, akiwa tayari na watoto, aliingia masomo ya jioni Bukavu akasomea sheria. Vita vilifunga chuo, vikakifungua, vikakifunga tena. Alimaliza mwaka 2003. Hakuwa mtu wa kuacha kitu katikati.

Mumewe alikuwa mwashi. Alikuja shuleni Kaziba, Sidonie alipokuwa akifundisha, kujenga darasa jipya. Alipomaliza kuta, Mwalimu Sidonie alikuja, akaangalia dirisha, akasema: "Fundi, hii dirisha umejengea twiga?" Dirisha lilikuwa juu mno, watoto wasingeona nje. Fundi akasema ndivyo alivyoambiwa na mkubwa wa shule. Akajibiwa: "Mukubwa hatakaa humu ndani. Batoto njo batakaa." Alibomoa, akashusha. Wakati anashusha, Mwalimu alikuja kila siku kukagua, na dirisha lile lilichukua muda mrefu kuliko kuta zote. Walifunga ndoa kanisani Kaziba, Jumamosi tarehe 6 Agosti 1988. Watu walisema, "Mwalimu anaolewa na matope." Yeye alicheka. Alisema matope yakikauka ni nyumba. Mungu aliwapa watoto watatu: Gisèle, Ulrich na Divine.

Mwaka 2008 vita viliwafukuza. Walivuka mpaka, wakaandikishwa Kabazana, mapokezi ya kambi, wakakaa pale kwenye mahema, halafu wakapewa kiwanja hapa Rubondo. Mume alijenga. Mke alifundisha shule ya msingi, na baadaye shirika moja lilimchukua kuwa mkalimani wa wakimbizi wenye kesi. Alikwenda nao Mbarara, akasimama nao kotini, akarudi nao. Wengine hawakurudi naye. Siku hizo alikula kidogo.

Sasa tuseme jambo ambalo kila mtu hapa analijua, lakini si kila mtu analijua vizuri.

Mwezi wa Machi 2019, Mihigo, mtoto wa Yonatani anayekaa ua wa pili na sisi, aligombana bombani na jirani yetu Cassien, mume wa Libérate, watu wa Burundi. Waligombania foleni ya maji. Walisukumana, wakatukanana, watu wakawaachanisha. Kila mmoja akaenda na jerikani zake. Jioni ileile Cassien alikutwa njiani amepigwa kichwani. Kesho yake akafa. Nani alimpiga, hakuna aliyeona. Au aliyeona hakusema.

Kwetu Kaziba, mtoto wako akigombana na mtu, na mtu yule akafa kabla hawajapatana, huulizi kwanza nani alimuua. Unachukua mbuzi, unakwenda msibani, unakaa chini. Unasema watoto wetu hawakuachana vizuri. Huko si kukiri. Ni kuomba nyumba mbili ziendelee kuchota maji fasi moja. Yonatani alifanya hivyo, kama baba yake angefanya. Alipeleka mbuzi jike. Libérate alimpokea mbuzi, akamfunga kwa mkono wake mwenyewe nyuma ya jiko.

Polisi walipopata habari walikuja. Afande mmoja alimuuliza Yonatani: "Wewe mzee, kama mtoto yako haikuua, mbuzi ni ya nini?"

"Afande, ni ya kulia."

"Kulia na mbuzi? Huku sisi tunalia na macho."

Watu walicheka. Yonatani hakucheka. Mihigo alichukuliwa, na mbuzi akachukuliwa pamoja naye, kama kidhibiti. Kule kituoni mbuzi akazaa, na maafande wakabishana kama kitoto nacho kiandikwe au kisiandikwe. Sidonie alipenda kuisimulia hiyo. Aliisimulia na kucheka, halafu alinyamaza ghafla, kwa sababu mbuzi na kitoto chake walitoka pale kituoni mapema. Mihigo hakutoka.

Siku ile alimwambia mumewe: "Kuna mutu amekufa, na kuna mutu amefungwa. Hii ni mambo mbili. Bao polisi banaishona pamoja na kamba ya mbuzi." Kuanzia hapo alitaka kitu kimoja tu, kamba ile ikatwe. Mihigo asikilizwe kwa lile alilofanya au hakulifanya, na Libérate aambiwe ni nani alimuua mume wake.

Gerezani Mbarara, Mihigo alielezwa kwamba akikubali kosa atapunguziwa miaka. Asipokubali, atangoja zamu ya kesi yake, na hakuna ajuaye zamu itafika lini. Kila Sidonie alipokwenda kumwona, kijana alimuuliza shangazi yake: "Tantine, nikubali?"

"Ulimuua?"

"Sikumuua, Tantine."

"Basi usikubali."

Halafu alirudi nyumbani, akakaa mlangoni, hakugusa chakula. Alijua kwamba kila "usikubali" yake ilimwongezea mtoto wa kaka yake siku nyingine za kulala chini. Yonatani alikuja hapa akiwa na hasira. Alisema: "Dada, weye unalala kwa kitanda. Mutoto wangu analala kwa simenti. Acha akubali, atoke."

Sidonie akamjibu: "Akikubali, atatoka akiwa muuaji. Na ule mwenye aliua atabaki hapa, anachota maji pamoja na shiye wote."

Yonatani aliondoka bila kuaga. Walikaa muda mrefu bila kusemeshana, kaka na dada, ua kwa ua.

Mwezi wa Agosti 2021, akiwa na miaka hamsini na mitano, Sidonie aliingia chuo kikuu kimoja cha Mbarara kusomea shahada ya uzamili ya haki jinai, yaani namna serikali inavyomkamata mtu, inavyompima na inavyomfunga. Kanisa na shirika lake walimsaidia. Hapa Rubondo watoto walimwimbia bibi yao, "Koko anaenda shule! Koko anaenda shule!" Aliwapungia mkono kama waziri.

Alipanga chumba karibu na kambi ya jeshi ya Makenke, kwa Mama Jocelyne, mke wa askari. Mama huyo tunaye hapa leo, amefika asubuhi, tunamshukuru. Siku ya kwanza alimwambia: "Mama, wewe nasoma mambo ya wezi? Wezi yenyewe haisomi!" Sidonie akasema ndiyo maana wanakamatwa. Walicheka, na kuanzia hapo wakawa kama dada na dada. Kiswahili cha jeshi alijifunza kwa Mama Jocelyne. Kiingereza alikijua kwa taabu, maana yeye alisoma kwa Kifaransa. Kazi yake ya kwanza ilirudi nyekundu yote. Mwalimu wake, Daktari Nkusi, alimwambia: "Mama, unaandika kama unahubiri. Sema jambo moja, leta ushahidi, halafu nyamaza." Aliporudi alimwambia mumewe: "Nimepata mwalimu anaongea kama weye, kidogo tu."

Tasnifu yake ilihusu zawadi za amani. Aliuliza hivi: mtu wa mbali akipeleka mbuzi, au kuku, au kibuyu cha pombe mahali penye msiba, polisi na koti wanaelewa nini? Na je, neno la baba linaweza kuwa kukiri kwa mtoto? Alizungumza na wazee wa makabila mengi, na polisi, na wafungwa, na mahakimu wawili waliokubali. Kabla ya kuuliza alimwambia kila mtu kwamba anaweza kukataa. Mzee mmoja wa hapa alishangaa: "Maisha yote banatuuliza kwa nguvu, weye unaomba ruhusa? Sasa miye nakataa, nione utafanya nini." Sidonie akafunga mkoba wake, akaaga. Mzee akamwita kabla hajafika barabarani, akaongea hadi jua likazama.

Lakini kesi ya Mihigo haimo katika tasnifu ile. Daktari Nkusi alimkataza. Alisema kesi iko mbele ya jaji, na mshtakiwa ni damu yako, hiyo usiiguse. Jambo lililomrudisha shule halikuandikwa hata mstari mmoja.

Jumapili baada ya ibada alimsomea mumewe aliyoyaandika, akiyageuza kwa lugha ya nyumbani. Mumewe akisinzia, alifuta ukurasa. Hivyo ndivyo tasnifu ilivyopungua.

Kulikuwa na somo moja lililomuumiza kuliko mengine. Walifundishwa kwamba mtu wa upande wa mshtakiwa asimwendee shahidi. Libérate alikuwa shahidi wa serikali. Hadi siku ile Sidonie alikuwa akienda kwake mara kwa mara, anampelekea maharage, wanakaa, wananyamaza pamoja kama wanawake wanavyonyamaza. Baada ya somo lile hakwenda tena. Bombani alisalimia akapita. Libérate hakujua sababu. Alisema mbele ya wanawake wote: "Tangu asome, mama huyu amekuwa mzungu. Hata pole hana." Sidonie alisikia. Alijitwika jerikani yake akaenda.

Nyumbani mumewe alimwambia aende akamweleze. Akasema: "Nikimweleza, nimemugusa. Nikimugusa, maneno yake itakuwa maneno yangu, na Mihigo hatapata kitu." Siku ile alilia. Mumewe anasema hakumwona akilia vile hata walipovuka mpaka.

Alitetea tasnifu yake mwezi wa Mei 2024, akavaa joho mwezi wa Oktoba. Mumewe alikwenda Mbarara amevaa koti la kuazima la Ulrich. Jina la Sidonie lilipoitwa alisimama, na akaendelea kusimama peke yake katika ukumbi mzima, hakujua kwamba watu walikuwa wamekaa. Sidonie alimwona kutoka mbele. Alisema ilikuwa vizuri, alijua pa kuangalia.

Mwaka huohuo alikuwa ameanza kukonda. Januari 2025 madaktari wa Mbarara waliona saratani ya tumbo. Walimweleza wazi, naye aliwashukuru kwa kumweleza wazi. Aliuliza jambo moja tu, kama atafika kwenye kesi. Wakamwambia labda.

Kesi iliitwa mwezi wa Februari. Sidonie aliomba asimame aieleze ile desturi, kwa kuwa sasa ana shahada yake. Wakili wa Mihigo alimjibu kwa upole: "Mama, watakuuliza wewe ni nani kwake. Ukisema shangazi, mambo yamekwisha." Sidonie alikubali. Yeye mwenyewe alikuwa ameandika kwamba koti haliwezi kumpima ndugu kama linavyompima mtu baki. Akakaa nyuma, kwenye benchi, na mumewe, na Yonatani upande wa pili. Masomo yote yale, na hakuwa na neno la kusema.

Serikali ikamwita Libérate. Mwendesha mashtaka akamuuliza: "Je, walikuja na mbuzi kuomba msamaha kwa kumuua mume wako?"

Libérate alimtazama jaji. Angeweza kusema ndiyo. Nani angemlaumu? Alikuwa na watoto, na kaburi, na miaka sita. Alisema: "Walikuja na mbuzi. Mzee Yonatani alikaa chini. Alisema, 'Hatujui nani alimpiga. Tunajua watoto wetu hawakuachana vizuri.' Hivyo ndivyo alivyosema. Mimi siwezi kuongeza."

"Umezungumza na watu wa mshtakiwa kabla ya kuja hapa?"

"Yule mama pale nyuma hajanisemesha miaka. Hata pole amekataa kunipa."

Watu wote waligeuka wakamwangalia Sidonie. Aliinamisha kichwa. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa mumewe.

Mwezi wa Mei 2025 jaji alisema kwamba ukiondoa mbuzi, hakuna kilichobaki cha kumfunga Mihigo. Alimwachilia. Siku aliyoingia Rubondo mliimba, mlicheza, Yonatani alimbeba mtoto wake mgongoni kama mtoto mchanga, mtu mzima wa miaka ishirini na minane. Alimleta moja kwa moja hadi mlangoni kwa dada yake. Yonatani alisema, "Dada." Sidonie akasema, "Ingieni, chai iko."

Lakini yeye mwenyewe hakukaa na wageni. Alichukua fimbo, akamshika mumewe mkono, wakaenda kwa Libérate.

Libérate alikuwa anapeta maharage. Hakusimama.

"Leo umekumbuka njia," alisema.

"Leo ninaruhusiwa."

Sidonie akamweleza yote, lile somo, na kwa nini alipita bila kusimama. Libérate alisikiliza, ungo haukutulia.

"Kumbe ulininyamazia kwa ajili ya mtoto wenu."

"Ndiyo, dada."

"Nami nimesema kweli, na wenu amerudi. Wangu harudi. Mbele ya leo nilikuwa na mtu wa kumchukia. Nilikuwa nalala. Sasa hata huyo mmenichukulia. Haya, mama wa shahada, niambie. Nani alimuua Cassien?"

Mumewe alikuwa mlangoni.

"Sijui," Sidonie alisema. "Na hakuna mutu tena anauliza. Ile tu niliyosomea ilikuwa kumutoa Mihigo. Hii yako ilibaki, na ni shiye tulikuachia."

Libérate alisukuma ungo katikati yao, na wakapeta pamoja.

Tangu siku hiyo walikuwa wawili. Walikwenda pamoja kituoni kuuliza, mmoja mgonjwa, mmoja mjane. Waliambiwa, "Leteni shahidi." Walizunguka nyumba kwa nyumba hapa Rubondo. Mliwapa kiti, mliwapa maji. Mlisema hamkuona.

Oktoba mwaka huu hakuweza tena kutembea. Mihigo alimbeba hadi kwenye gari. Alilazwa Mbarara, na Mama Jocelyne alimletea uji kila asubuhi, akimkemea: "Kunywa, Profesa, wewe si askari lakini leo utatii amri." Alifariki Jumatano, tarehe 12 Novemba 2025, asubuhi, mumewe na Gisèle wakiwa pembeni. Hakuteseka mwishoni. Tunawashukuru madaktari na wauguzi.

Ameacha mume, Bonaventure, watoto, Gisèle, Ulrich na Divine, wajukuu, kaka yake Yonatani, na Mihigo, ambaye ameshika jembe la kuchimba kaburi tangu jana na amekataa kupokewa. Ameacha pia Libérate. Hakuzaliwa naye, lakini amekaa hapa mbele pamoja na wanawake wa familia, na hapo ndipo mahali pake.

Siku chache kabla ya kufariki, Sidonie alimwambia mumewe hivi: "Kwa maziko yangu Rubondo yote itakuja, na hakuna mutu anaondoka kabla kaburi halijafunikwa. Usisome sifa mingi. Uliza ile ya Libérate." Mumewe amejaribu. Sifa zimekuwa nyingi kidogo, mtamsamehe.

Sasa anauliza. Jioni ile ya Machi 2019, kuna mtu alikuwa kwenye njia ya bombani. Labda ulikuwa mtoto, na sasa umekua. Labda uliogopa, na mtu uliyemwogopa amehama. Labda ni ndugu yako. Hakuna anayekuja kukukamata hapa leo, na hakuna anayekuomba useme mbele ya watu. Mnamjua Libérate. Nyumba yake mnaijua. Nenda, piga hodi, mwambie ulichokiona, hata kama ni kidogo.

Mungu ampokee Sidonie, ampumzishe kwa amani. Wewe uliyeona, Libérate anakungoja.